Kumbukumbu ya mradi wangu: jedwali la krioli za Kimalei, Februari hadi Juni

Februari

Mradi huu ulizaliwa na neno moja. Nilikuwa nikitafuta katika kamusi ya Kiindonesia, ambacho ni aina ya Kimalei, jina la karafuu, zao lililotoka katika visiwa vya Maluku kabla halijafika Unguja na Pemba, na kabla sijaifikia cengkih macho yangu yakaangukia neno bendera, lenye herufi zile zile na maana ile ile tuliyonayo sisi. Ni neno la Wareno, waliolimwaga huku na kule. Kurasa chache mbele nikakuta gereja, ambalo kwao ni kanisa, na ambalo kwetu liliishia kuwa gereza la kufungia watu. Nilipoingia katika Kimalei cha Ambon, kisiwa kimojawapo cha Maluku hiyo, mambo yalizidi: leso ni lenso, kiti ni kadera, paji la uso ni testa. Wareno waliiteka Malaka mwaka 1511, na Waholanzi wakawapokonya ngome ya Ambon mwaka 1605, lakini maneno yao hayakuhama pamoja nao.

Nikaamua kuzikusanya lugha hizi za mchanganyiko, zinazoitwa krioli, ambazo Kimalei cha biashara ndicho mzazi wao, na kuzichorea mti wa nasaba. Nimeanza na bandari za mashariki mwa Indonesia, yaani Ambon, Kupang, Manado na Ternate, kisha Papua ya Indonesia, Wababa (wazao wa Wachina) wa Malaka na Singapore, pamoja na Wamalei wa Sri Lanka. Kila sentensi ninayoipata huingia katika kadi yake.

Machi

Mwezi huu nimelazimika kuandika upya kadi 60, na kosa ni langu peke yangu. Katika Kimalei sanifu kita ni “sisi”, yaani mimi pamoja nawe unayenisikiliza. Kwa hiyo kila nilipokutana na kita pe ruma ya Manado niliandika “nyumba yetu”, bila wasiwasi wowote, mpaka nilipofikia maneno kita deng ngana, torang dua. Sisi na wewe, sisi wawili? Haikuingia akilini. Ndipo nilipoelewa kwamba Manado na Ternate kita ni “mimi”, na kwamba nilikuwa nimewapa wenzangu wa mbali nyumba za watu binafsi kuwa mali ya ukoo.

Kosa hilo hata hivyo ndilo lililonifungulia mlango wa viwakilishi. Torang ni mkato wa kita na orang, yaani “watu”. Dorang au dong ni dia, “yeye”, pamoja na orang hiyo hiyo. Ni kama kwamba sisi tungesema “yeye-watu” pale tunaposema “wao”. Ambon wanasema katong na dong, Papua kitong na dong, na hata Sri Lanka, bahari nzima ikiwa kati yao, wanasema kitang na derang. Lakini ngana, “wewe”, na ngoni, “ninyi”, hazina Kimalei ndani yake hata chembe: zimetoka katika Kiternate, ambacho si cha ukoo wa Kimalei, na kuwapo kwake Manado kunaonyesha jinsi mkono wa masultani wa Ternate ulivyofika hadi Sulawesi ya kaskazini.

Aprili

Umiliki. Kiindonesia sanifu husema rumah saya, kitu kwanza na mwenyewe baadaye, kwa mpangilio ule ule wa “nyumba yangu”. Krioli zimeugeuza, na kati ya mwenyewe na kitu zimetia neno punya, “kumiliki”, ambalo kila bandari imelikata kwa kipimo chake:

Wababa: gua punya rumah
Ambon na Kupang: beta pung ruma
Manado na Ternate: kita pe ruma
Papua: sa pu rumah

Nimeziandika katika karatasi moja na kuibandika ukutani, kwa sababu sijaona kitu kingine kinachoonyesha udugu wa lugha hizi kwa macho namna hii.

Vitenzi navyo vimenipa raha. Kuzima taa ni kase mati lampu kwa watu wa Manado, neno kwa neno “pa kufa taa”, kwani viambishi vinavyofanya kazi ya -ish- yetu vimepukutika na kazi hiyo imeachiwa kitenzi cha kutoa. Kwa upande wa pili, wana baku, ambayo ni -ana yetu iliyohamia mbele ya kitenzi: baku pukul ni kupigana, baku dapa ni kukutana.

Mei

Mti wa nasaba nimeuchana. Kupang ndiyo iliyoniangusha: “mimi” ni beta kama Ambon, “wewe” ni lu ya Kihokkien, aina ya Kichina, kama kwa Wababa, na “si” ni sonde, kutoka zonder ya Kiholanzi. Tawi gani litabeba vyote hivyo?

Sri Lanka nayo imekataa kukaa popote. Mababu zao walipelekwa na Waholanzi wakiwa askari na watu waliohamishwa kwa nguvu, kisha wakaandikishwa katika jeshi la Waingereza, ambalo kikosi chao kilivunjwa mwaka 1873. Msomaji anayewajua Wanubi wa Kibera na Bombo, wazao wa askari kutoka Sudan, na Kiarabu chao cha kambini, ataiona njia hiyo haraka. “Nyumba yangu” kwao ni goppe ruma, ambamo pe ya Manado inasikika waziwazi, ila sentensi imejengwa kwa mtindo wa Kitamil na Kisinhala: go Kandy-nang ara-pi, “ninakwenda Kandy”, kitenzi kikiwa mkiani na -nang ikining'inia nyuma ya mji.

Juni

Badala ya mti nimechora ramani ya bahari, na kila sifa ina uzi wake wa rangi. Nyuzi za msingi nimezichukua katika orodha ya sifa nane ambazo wanaisimu Adelaar na Prentice waliitoa mwaka 1996, wakizihusisha na Kimalei cha sokoni. Mwanaisimu mwenzao Collins, aliyeilinganisha Ambon na lahaja ya Kimalei ya Trengganu, Malaysia, mwaka 1980, alitilia shaka hata jina la krioli. Ninaona alikuwa na haki kuhusu Ambon, ambako viambishi ba- na ta- bado vinafanya kazi, lakini kwa Sri Lanka siwezi kumfuata. Jina nimeliacha juu ya jalada, kwa penseli.

Safu niliyoanza jana ni ya kukanusha: seng Ambon, sonde Kupang, nyanda Manado, tra Papua. Nimenunua nyuzi nne za rangi tofauti, na mpaka sasa hakuna hata moja iliyotoka nje ya bandari yake.