Siku moja mahakamani Pemba: mshitakiwa anapokubali kosa

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni karani, na karani ndiye anayetangulia kuyagusa majalada. Kwa kesi mpya naanza na hati ya mashitaka: jina, kosa, kifungu, tarehe, pahala, mali na mwenye mali. Hati isiyotaja viini vya kosa, yaani mambo yanayolifanya tendo liwe kosa, narudisha kwa mwendesha mashitaka mapema, kwa sababu mshitakiwa akiikubali hati kama hiyo, hatia itakayotokana nayo haitasimama kwenye rufaa.

Saa 2:30. Walio rumande wanaletwa kutoka Chuo cha Mafunzo (ndilo jina la gereza hapa Zanzibar), wenye dhamana wako barazani na jamaa zao. Hapo ndipo ushauri mbaya unapogawiwa: "Mwanangu, kubali tu yaishe, utapigwa faini urudi nyumbani." Jamani, hakuna mwenye uwezo wa kumuahidi mtu hivyo. Kukiri mapema ni sababu ya kupunguziwa adhabu pale hakimu alipoachiwa hiari. Sheria ikiweka kiwango cha chini, hakimu hashuki chini yake.

Saa 3:00. Shitaka linasomwa na kufafanuliwa. Kwa wizi, mshitakiwa aelezwe kilichochukuliwa, cha nani, kwamba hakikutolewa kwa ridhaa, na kwamba nia ilikuwa kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Mashitaka yakiwa mawili, anaulizwa moja moja. "Nakubali yote" haiandikwi. Kiziwi au mgeni asiyejua Kiswahili huwekewa mkalimani, naye huapishwa kwanza. Jibu linaandikwa kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Saa 3:30. Wengi hudhani neno "nakubali" limeshamaliza kesi. Bado. Mwendesha mashitaka anasoma maelezo ya tukio, halafu mshitakiwa anaulizwa: ni sahihi? Una la kupinga au kuongeza? Mpangilio huu uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, na mpaka leo ndio unaofuatwa.

Chukua msimu wa karafuu. Mchumaji amekubali kuiba pishi tatu. Maelezo yanasomwa, anajibu: "Ni kweli nimechukua, lakini ndio ujira wangu, tajiri hajanilipa." Hakimu hawezi kuendelea. Mtu anayechukua kwa kuamini kweli kwamba ni haki yake hana nia ya wizi, kwa hiyo jibu linabadilishwa na kuandikwa kuwa amekataa, kesi inapangiwa siku ya mashahidi. Vivyo hivyo kwa anayesema, "Nimempiga, lakini yeye ndiye alonijia na panga." Sehemu ya baada ya "lakini" ndiyo inayostahili kusikilizwa kwa makini kuliko yote, na ndiyo inayopotea kirahisi siku majalada yanapokuwa mengi.

Maelezo nayo yawe na nyama. Kesi ya dawa za kulevya ije na ripoti ya mkemia, kwani mshitakiwa anaweza kukubali kuwa na kifuko lakini hana utaalamu wa kuthibitisha kilichomo. Kesi ya shambulio la kudhuru mwili ije na PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, iliyojazwa na daktari.

Saa 5:00. Akiyakubali maelezo bila ya utata, hakimu anaandika kwanza kwamba amemtia hatiani, ndipo zifuate rikodi za makosa ya nyuma, shufaa (maombi ya kupunguziwa adhabu), na adhabu. Hata kwenye shufaa masikio yawe wazi: anayesema "sikujua kama kina mwenyewe" amelikana kosa, na kabla ya adhabu jibu lake bado linaweza kubadilishwa.

Saa 7:00, sala na chakula.

Saa 8:00. Msururu kwenye dirisha langu ni wa jamaa wanaouliza rufaa. Aliyekubali kosa kwa kawaida hukata rufaa juu ya adhabu tu. Kupinga hatia yenyewe kuna milango minne: jibu lilikuwa na utata au halikukamilika, alikubali kwa kutofahamu, hati haikuonesha kosa linalojulikana kisheria, au maelezo aliyoyakubali hayatoshi kumtia hatiani.

Saa 9:00. Naandika hati za kifungo. Jina, muda na tarehe ya kuanza vilingane na jalada, herufi kwa herufi. Wa faini nawahimiza jamaa zao walipe na kuleta risiti kabla ya saa 9:30, hasa Ijumaa, maana bila risiti gari la Chuo cha Mafunzo litaondoka na mtu wao na atabaki ndani mpaka Jumatatu.