Siku moja maishani mwangu: figo iliyokataliwa mara 11

Saa 11:05 alfajiri

Ujumbe wa mratibu wa viungo vya kupandikizwa ni mfupi kama kawaida yake. "Figo ya kushoto imekataliwa tena. Ya 11 hiyo. Unakuja?"

Nakuja. Mimi si daktari wa upasuaji, kisu sijawahi kukishika. Kazi yangu ni takwimu: nafuatilia kiungo kilichotolewa kimepita mikono mingapi kabla ya kumfikia mtu, na kila aliyekipitisha alitoa sababu gani. Wengi hudhani kompyuta inatoa jina moja, simu inapigwa, mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji. Kompyuta inatoa orodha. Mambo yenyewe huanza baada ya hapo.

Saa 11:50

Mratibu hajalala tangu jana. Figo ya kulia ilipata mwenyewe kwenye ofa ya pili. Ya kushoto imetoka kwa mtu yule yule, kundi la damu lile lile, na bado inazungushwa. Tofauti ni moja: ina ateri mbili, yaani mishipa ya kuiingizia damu, badala ya moja.

Figo yenye ateri mbili si kioja, wapasuaji wanakutana nazo mara kwa mara. Tatizo ni aliyeanza kukataa. Kila timu ina muda wake wa kujibu, na kila "hapana" inaiongezea figo muda kwenye barafu, na muda huo unampa anayefuata sababu mpya ya kusema hapana. Hata asipokuwa na sababu, akiona wenzake 10 wamekataa anajiuliza wameona nini ambacho yeye hajakiona. Moyo hauvumilii kukaa nje zaidi ya saa 4 hadi 6. Ini hufika saa 12 hivi. Figo ndiyo mvumilivu wao, saa 24, pengine 36, lakini ikikaa sana inachelewa kuamka, na mgonjwa aliyekwisha pandikizwa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu kwa siku kadhaa huku akijiuliza kama amedanganywa.

Nafungua fomu za usiku. Sababu ya kukataa ina kisanduku kimoja, cha kujaza namba ya msimbo. Timu sita kati ya 11 zimejaza msimbo ule ule, "ubora wa kiungo". Nauliza moja moja. Ya kwanza, ateri mbili. Nyingine, umri wa mtoaji. Nyingine, kreatinini ya mtoaji, ile taka ya kwenye damu inayopimwa kujua figo zinachuja vipi, ilipanda siku ya mwisho. Na ya nne, mratibu ananiambia huku akiangalia mlango, hawakuwa na chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku ule.

"Sasa mbona wameandika ubora?"

"Kisanduku hakiruhusiwi kubaki wazi."

Nchini Marekani karibu figo moja kati ya nne zilizokwisha kutolewa kwa marehemu haipandikizwi. Baadhi hazifai kweli. Lakini nikikaa na fomu kama hizi naanza kushuku kwamba nyingine ziliharibiwa na simu.

Saa 1:15 asubuhi

Ofa ya 12. Mratibu anaweka simu kwenye spika ili nisikie.

"Daktari, figo ya kushoto, ateri mbili, saa 13 kwenye barafu. Wa kwanza kwenu yuko juu kwenye orodha."

Kimya. Kisha: "Hizo ateri mbili, ziko kwenye kipande kimoja cha aota au zimekatwa mbalimbali?"

Mratibu anafungua picha zilizopigwa wakati wa kuitoa. "Kipande kimoja."

"Basi ileteni."

Dakika mbili hazijafika. Aliyetoa figo alikuwa makini: badala ya kukata kila ateri peke yake, alikata na kiraka cha ukuta wa aota, ateri kuu ya mwili, kilichozibeba zote mbili. Mpasuaji anashona kiraka kimoja tu, mshono mmoja. Kinaitwa kiraka cha Carrel, kwa jina la Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1912 kwa kazi yake ya kushona mishipa ya damu. Zaidi ya miaka 100 jambo hili linajulikana. Kwenye fomu yetu kuna mahali pa "idadi ya ateri". Pa kiraka hapapo. Kwa hiyo wale 11 waliona namba 2, na hakuna aliyeuliza.

Saa 2:30

Wakati mpokeaji anaitwa, na damu yake inapimwa pamoja na seli za mtoaji kuona kama kinga yake itaishambulia figo papo hapo, mimi narudi kwenye meza yangu. Kituo kimoja kimetutumia rekodi ambazo tarehe zake nusu zimeanza na siku na nusu zimeanza na mwezi. Matokeo yake nina mgonjwa aliyepandikizwa miezi mitano kabla ya kusajiliwa. Nimewaandikia mara tatu. Nasafisha mwenyewe, mstari kwa mstari, na sisemi ninachokifikiri.

Saa 4:30

Kikao. Mzozo ni juu ya msimbo mwingine, wa kuondolewa kwenye orodha. Mtu anaweza kuondolewa kwa sababu amepata nafuu, amehamia kwingine, au amezidiwa kiasi cha kutoweza kupasuliwa. Kwenye faili la zamani wote wamewekwa "ameondolewa", basi. Kijana wetu mpya amekokotoa uhai wa wanaosubiri kwa njia ya kawaida, ile inayochukulia kwamba aliyetoka kwenye orodha akiwa hai ana bahati sawa na waliobaki. Mchoro wake unapendeza sana. Hakuna anayekufa.

"Profesa, lakini programu haijatoa kosa lolote," anasema.

"Haiwezi kutoa. Umeiambia kwamba aliyekwenda nyumbani kufa ni sawa na aliyepona."

Nilimwonea huruma, maana mwaka wangu wa kwanza nilifanya vile vile, na mimi niliufikisha mchoro wangu mbele ya watu wengi zaidi.

Mwenzetu wa upande wa ini ndiye aliyemaliza ubishi. Tangu mwaka 2002 Marekani imegawa maini kwa alama za MELD, zinazopima ini limechoka kiasi gani, kuanzia 6 hadi 40, zilizotokana na vipimo vya damu: bilirubini, kreatinini na kipimo cha kuganda kwa damu. Anayekaribia zaidi kufa ndiye anayetangulia, na hesabu haimjui mtu. Lakini kreatinini hutoka kwenye misuli. Mwanamke kwa kawaida ana misuli michache kuliko mwanamume, hivyo figo zake zikichoka kiasi kile kile, namba yake inasoma chini. Anabaki nyuma kwenye foleni kwa sababu ya mwili wake. Watafiti waliliona hilo kwa kuhesabu pamoja waliokufa na walioondolewa kwa kuzidiwa. Ungewatupa hawa wa pili kwenye kapu la "wameondolewa", pengo lingepungua machoni pako. Toleo la MELD 3.0, lililoanza kutumika huko mwaka 2023, limeongeza jinsia na albumini, protini ya kwenye damu.

Tumekubaliana kurudia faili lote, na kijana ndiye ataongoza kazi hiyo.

Saa 6:20 mchana

Kliniki ya wanaosubiri. Nina maswali yangu ya utafiti: umeanza lini kusafishwa damu, umesajiliwa lini. Mama mmoja, mtu mzima, ananipa tarehe mbili zilizopishana miaka miwili. Namuuliza kwa nini. "Hakuna aliyeniambia kuna orodha." Pengo kama hilo ndilo lililowafanya Marekani, tangu Desemba 2014, waanze kuhesabu zamu ya figo kuanzia siku mgonjwa alipoanza dialisisi, hata kama alisajiliwa baadaye. Namba ndogo kwenye kanuni, lakini iliwasogeza mbele watu waliochelewa kuambiwa.

Nikikusanya karatasi ananishika mkono. "Mwanangu, wewe unayeziona hesabu. Zamu yangu imewahi kufika ikapita?"

"Mama, mimi majina siyaoni. Naona namba tu."

"Na anayeyaona majina?"

"Muulize daktari wako. Ni haki yako kujua."

"Nikimuuliza ataniona mkorofi."

Sikuwa na jibu. Kwingi mgonjwa hapigiwi simu kuambiwa kwamba figo ilipita kwa jina lake saa nane za usiku, timu yake ikaikataa, yeye amelala. Huenda uamuzi ulikuwa sahihi. Huenda ni chumba kilikosekana. Nimeandika swali lake pembeni ya dodoso, nje ya visanduku.

Saa 8:10 mchana

Figo imefika na mpokeaji yuko usingizini. Nasimama nyuma, kwenye pembe niliyoonyeshwa, na saa yangu na ubao wangu.

Ukiiona figo kwenye beseni la barafu iliyosagwa hutaamini kwamba watu wanagombana kwa ajili yake. Ndogo, ya kijivu iliyofifia, imefunikwa mafuta. Mpasuaji anayachambua mafuta taratibu hadi kiraka kinaonekana: umbo la jani, na matundu mawili yaliyokaribiana kama pua. Anakiinua kwa koleo na kunigeukia.

"Wewe wa takwimu, hiki ndicho walichokikimbia."

Figo mpya haiwekwi mahali pa ile ya zamani. Inawekwa chini, upande wa tumbo karibu na nyonga, na za zamani mara nyingi zinaachwa zilipo. Vena, mshipa wa kutolea damu, kwanza, kisha kiraka. Nyuzi zake ni nyembamba hata mimi nilipo sizioni, naona mikono tu inayopishana.

Saa 8:50 anaachia vibano. Tangu damu ya mtoaji ilipozuiwa zimepita saa 20 na dakika 40. Figo inabadilika rangi kuanzia penye kiraka, waridi linapanda, sehemu ya juu inakawia, kwa muda inabaki na madoa. Mtu wa usingizi anasoma presha kwa sauti. Wote wanatazama ncha ya mrija wa mkojo, na hakuna kitu. Dakika tatu, nne. Nimezoea kuandika "figo imechelewa kuamka" kama safu ya sifuri na moja. Nikiwa nimesimama pale, neno lenyewe ni zito.

Dakika ya saba, tone. Halafu lingine.

"Andika," mpasuaji anasema.

Saa 12:30 jioni

Najaza mstari wa leo. Idadi ya ofa: 12. Idadi ya ateri: 2. Nimeongeza safu mpya, "kiraka kimoja?", na chini yake nimejaza ndiyo. Mistari yote ya juu, miaka yote iliyopita, iko tupu, na hakuna fomu ninayoweza kurudi kuijazia.

Mratibu ameandika kutoka nyumbani: "Mkojo?"

"Upo. Lala."

"Kuna ini linakuja."