Kifungu Kinachokataza Siasa

Katiba ya chama chetu cha akina mama hapa Umoja ina kifungu kinachokataza mazungumzo ya siasa, nami nimekuwa nikikitafakari wiki nzima. Najua kilikotoka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, na humu Nairobi wako majirani waliokuwa wakiombana chumvi ambao waliacha hata kusalimiana. Waliokiandika kifungu hicho walitaka kulinda udugu wetu pamoja na akiba yetu, na kwa hilo ninawaheshimu kwa dhati.

Hata hivyo, kifungu chenyewe kimezaliwa na siasa, tena sioni namna ya kukitii kikamilifu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza mkate utozwe Ushuru wa Ziada ya Thamani wa asilimia 16, tuliuzungumzia mkate kikao kizima na hakuna aliyetukatiza, kwa kuwa sote tuliyaona hayo kuwa mambo ya jikoni. Pendekezo hilo liliondolewa, kisha Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wenyewe. Je, jikoni mwetu kuliishia wapi na siasa ikaanzia wapi? Sodo tunazowanunulia mabinti zetu ziliondolewa ushuru huo mwaka 2004 kwa uamuzi wa serikali. Uhuru Park, tunakowapeleka watoto kupumzika, ingejengwa jumba la ghorofa 60 kama Wangari Maathai hangepinga mpango huo mwaka 1989, huku wakubwa wakimkejeli.

Naamini tunachokiogopa hasa ni ukabila na ushabiki wa vyama, wala si siasa kwa jumla. Na woga huo, ambao una sababu, umetufanya tunyamazie pia maji, taka na karo, mambo ambayo anayeweza kuyanyamazia bila kuumia ni yule tu ambaye mfereji wake haukauki.

Katika mkutano ujao nitapendekeza kifungu kibadilishwe, kikataze kumpigia debe mgombea na kulitusi kabila la mtu, basi. Wako dada zetu waliopoteza jamaa mwaka 2008, na huenda wakakataa. Nitaomba wao ndio watangulie kuzungumza.