Kijiko Kimoja kwa Kila Sekunde 100

Mwanangu wa miezi 16 alianza kutapika Ijumaa usiku, na kufikia alfajiri alikuwa amekwisha kuharisha mara nne, choo cha majimaji kilichopenya nepi hadi kwenye shuka. Nyumbani kwetu hapa Tanga siku hiyo kulikuwa na maji yaliyochemshwa, pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na kijiko cha chai, yaani karibu kila kitu alichohitaji, na bado Jumapili asubuhi nilijikuta nimempakata ndani ya bajaji kuelekea hospitali akiwa amelegea begani kwangu. Naandika ili mzazi mwingine ajue nilipokosea katika saa hizo thelathini na ushee.

Mtoto alikuwa na kiu kali. Alikishika kikombe kwa mikono miwili na kulia kila nilipokiondoa mdomoni, nami kwa huruma nikamwachia anywe chote. Hazikupita dakika tano akakitapika. Nikarudia, akatapika tena, nikaamini kwamba ORS imemkataa, nikaiacha na kumpa juisi ya pakiti ambayo angalau aliipenda. Sasa naelewa kwamba tumbo lililovimba kwa ugonjwa haliwezi kupokea kikombe kizima kwa mkupuo, hata kiwe na kitu gani, na kwamba sukari nyingi ya juisi au soda huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumbo, hivyo kuharisha kunazidi.

Kosa lingine lilikuwa katika kuchanganya. Pakiti ile imepimwa kwa lita moja kamili ya maji safi, lakini mimi nilimimina nusu yake kwenye kikombe kimoja nikidhani dawa ikiwa kali itafanya kazi upesi, kumbe chumvi iliyozidi ni hatari kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji.

Mama mkwe wangu, ambaye amelea watoto sita na ninamheshimu sana, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hayo ni meno tu, yatapita." Ni kweli kwamba magego yalikuwa yanachomoza. Lakini umri wa kuota meno ndio umri wa mtoto kutambaa, kutembea na kutia mdomoni kila anachookota, na vijidudu huingia kwa njia hiyo. Jino lenyewe halimalizi maji ya mwili. Mwenye duka la dawa naye alitaka kuniuzia dawa ya kuua bakteria pamoja na dawa ya kufunga choo. Nashukuru sikununua, kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto wadogo kunatokana na virusi ambavyo dawa hizo haziviui, na dawa za kufunga choo hawapaswi kupewa watoto wa umri huo.

Jumamosi nzima nilihesabu mara alizoharisha. Nilichopaswa kuhesabu zaidi ni mikojo, jambo ambalo si rahisi kwenye nepi ya dukani ambamo choo cha maji na mkojo huchanganyika. Usiku nilipomfunga nepi ya kitambaa ndipo nilipoona: tangu saa nne usiku hadi alfajiri ya Jumapili kitambaa kilibaki kikavu, ila doa moja dogo lenye rangi ya chai ya rangi. Alipolia hakukuwa na machozi. Nilipomgusa ndani ya shavu kwa kidole kilichooshwa, mate yalinata kama uji uliokauka kwenye ukingo wa sufuria.

Hospitalini nesi hakuanza na dawa. Alimlaza, akaibana ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa vidole viwili, kisha akaiachia. Ule mkunjo haukurudi papo hapo; ulisimama kidogo, mdogo kama mshono wa nguo, ndipo ukalala. Aliniambia kwamba ukisimama kwa zaidi ya sekunde 2, au mtoto akiwa amesinzia kiasi cha kutoamka vizuri, au akiwa hawezi kunywa kabisa, hiyo ni hali ya hatari inayohitaji dripu mara moja. Wangu macho yalikuwa yamedidimia na alikuwa msumbufu, lakini alikuwa bado anakitafuta kikombe. Mizani ikasoma kilo 9.6. Kadi yake ya kliniki ya mwezi uliopita ilionyesha kilo 10.2, na nesi akanieleza kwamba sehemu kubwa ya gramu hizo 600 ni maji.

"Dada, si mngemwekea dripu tu?" nilimwomba. Akajibu, "Mama, mtoto huyu anakunywa. Mkono wako leo ndio dripu yake."

Hesabu yake ilikuwa mililita 75 kwa kila kilo, yaani mililita 720, katika saa 4. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, kwa hiyo ni vijiko 144, kijiko kimoja kwa kila sekunde 100. Nilikaa kwenye benchi na jagi kando yangu nikafanya kazi hiyo na si nyingine. Alitapika mara moja. Tukasubiri dakika 10, kisha tukaendelea polepole zaidi. Katikati nilimnyonyesha kila alipotaka, kwani maziwa ya mama hayasimamishwi hata siku moja katika ugonjwa huu.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujiuliza kwa nini maji yenye chumvi na sukari yaweze kile ambacho maji matupu hayawezi. Jibu ni kwamba kuta za utumbo mwembamba zina mlango unaopitisha chumvi pale tu inapoongozana na sukari ya glukosi, na maji huzifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowashambulia wakimbizi kutoka Bangladesh katika kambi ya Bongaon nchini India na maji ya dripu yakapungua, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu wa wagonjwa mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Niliwafikiria sana wale waliokaa chini na vikombe, maana nilikuwa nimeketi kama wao.

Karibu na kijiko cha 110 nilihisi joto kwenye paja langu. Kitambaa kilikuwa kimelowa, mkojo mweupe, mwingi. Nililia palepale kwenye benchi, na nesi akanipa kipande cha pamba nijifute.

Tulirudi nyumbani alasiri tukiwa na pakiti nyingine za ORS na vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kwa siku kwa siku 10, ambacho huyeyuka ndani ya kijiko cha maji au maziwa na hakiachwi hata choo kikishafunga. Baada ya kila choo cha maji nilimpa kati ya mililita 50 na 100 za ORS, kwa kijiko, na kila baada ya saa 24 nilimwaga iliyobaki na kuchanganya mpya. Chakula hatukumnyima: uji, mtori wenye mafuta kidogo, ndizi mbivu iliyopondwa, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Niliambiwa nirudi upesi nikiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila kitu, matapishi ya kijani, degedege au usingizi usio wa kawaida.

Choo kilianza kuwa kizito siku ya tano. Siku ya kumi na mbili tulikwenda kliniki, mizani ikasoma kilo 10.1, na yeye mwenyewe akaivuta kalamu ya nesi akitaka kuandika kwenye kadi yake.