Siku moja na futi yangu ya kupimia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bombo, mji wa kaskazini mwa Kampala. Taksi ya kwenda Kampala, yaani basi dogo la abiria, imeshajaa. Leseni yake ni ya abiria 14, lakini kwenye kiti cha watatu tumebanana wanne, nyonga kwa nyonga, na kikapu cha jirani kiko mapajani mwangu. Hakuna anayenung'unika. Mwaka 2020, taksi ziliporudi barabarani kwa nusu ya abiria, nilikaa peke yangu dirishani nikaona safari ndefu.

Saa mbili nafungua kibanda changu cha ushonaji, Kisenyi, Kampala.

Saa nne anaingia binti wa kupimwa gauni. Ushonaji haufanyiki kwa mbali: kifua, kiuno, nyonga, kila kipimo kinataka nimzungushie mtu mikono. Kwa hiyo nasema kwanza. "Mwanangu, sasa napima kifua. Shika mwenyewe ncha ya futi, hapo." Anashika. Nazungusha kwa nyuma, nasoma namba nikiwa ubavuni mwake, si mbele ya uso. Vidole viwili tu vinagusa nguo, halafu nalegeza futi na kurudi hatua moja. Mwaka nilioolewa, fundi mmoja alinipima gomesi, vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, na mkono wake ukakaa pasipo na kipimo. Sikusema kitu. Gomesi ile niliivaa mara moja tu.

Mchana naye akapita mteja wangu anayesoma chuo kikuu. Ndiye aliyeniambia habari za Edward T. Hall, Mmarekani aliyeandika mwaka 1966 kwamba hadi sentimita 45 ni umbali wa wapendanao na watu wa ndani, na kutoka hapo hadi mita 1.2 ni wa marafiki. Siku aliponiambia nilitandaza futi mezani nikaangalia. Sentimita 45 ni fupi kuliko mkono wa kanzu! Basi mimi kutwa niko humo, na watu nisiowajua hata jina. Lakini Hall alieleza hasa Wamarekani wa kwao. Kwetu huuliza kwanza: ni nani huyu kwako?

Saa nane nilikuwa nampima gomesi mama mmoja wa Kiganda, ya kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi wake. Mkwe wake akaja na pesa ya kitambaa. Hakuvuka mfereji ulio mbele ya kibanda. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawagusani wala hawapeani mkono, basi akasimama ng'ambo, uso pembeni, pesa akampa mwanafunzi wangu aniletee. Mama akajivuta nyuma ya pazia na kumjibu salamu kutoka huko, taratibu, akimuulizia watoto mmoja mmoja. Niliacha futi shingoni nikangoja wamalize. Sijasikia watu wakiongea kwa upole namna ile wakiwa wamekaribiana.

Saa moja usiku, taksi tena. Msichana wa kando yangu anasinzia, kichwa kinaniangukia begani. Kondakta ananyoosha mkono amwamshe. "Mwache," namwambia. Anazinduka Matugga, anajivuta haraka.

"Samahani, mama."

"Lala, mwanangu. Bombo bado."