Starlet bila pawa stelingi, wiki ya kwanza

Jumapili, saa mbili usiku. Mabega yananiuma vile yalivyokuwa yakiuma likizo za sekondari, nilipokuwa nabeba magunia ya dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Leo ni siku ya saba tangu raki mpya, ile fimbo ya meno inayogeuza tairi za mbele, iingie kwenye gari, na nimeona niandike sasa hivi kabla sijazoea, maana mtu akishazoea kitu hakumbuki tena mwanzo kilikuwaje.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet GT, toleo la EP82, ile ya turbo inayoongeza nguvu za injini. Injini ni 4E-FTE, cc 1331, na ikitoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 135 kwenye gari lisilofika tani moja. Ndilo gari langu la kila siku: kazini Nyakato, sokoni, kanisani, na mara mojamoja barabara ya Usagara alfajiri, kabla malori hayajaanza kupishana.

Shida ilianza na tone. Kila asubuhi nakuta doa jekundu kwenye sakafu, upande wa dereva. Oili ya pawa, ile inayofanya usukani uwe mwepesi. Siku fundi alipovuta ile raba inayofunika ncha ya raki, oili ilimwagika kama mfuko wa maziwa umepasuliwa. Sili zilikuwa zimekwisha. Sikushangaa sana, kwa sababu njia ya kupandia kwetu mlimani ni mawe na vumbi, na raba ikichanika kidogo tu mchanga unaingia, unasugua chuma, na chuma kinakula sili. Nikanunua raki ya mtumba, ikakaa miezi miwili. Nikanunua nyingine, haikumaliza wiki tatu. Pampu inayosukuma oili hiyo nayo ikawa inalia kila nikikata kona.

Ndipo fundi mmoja akaniambia nitoe mkanda wa pampu tu, basi, nitakuwa na stelingi ya kawaida. Nikakubali, na naandika hili kwa herufi nzito moyoni: msikubali.

Raki ya pawa ina pistoni ndani yake, na oili yenye presha ndiyo inayoisukuma kushoto au kulia. Pale juu, nguzo ya usukani inapoingia kwenye raki, kuna vali, na ndani ya vali kuna kijiti cha chuma kilichotengenezwa kijipinde kidogo unapogeuza usukani. Kujipinda kwake ndiko kunakofungua njia ya oili. Sasa ukiizima pampu, kijiti bado kinajipinda. Unageuza usukani, gari linaendelea mbele, halafu ndipo linafuata. Juu ya hapo, pistoni bado inasukuma ile oili iliyobaki kwenye vibomba vyembamba, safari hii kwa misuli yako. Kwa hiyo unapata uzito na ulegevu kwa pamoja. Niliendesha hivyo siku nne. Siku ya nne, kwenye kipilefti cha sanamu ya samaki, nilichelewa kurudisha usukani na nusura nimguse mwendesha bodaboda aliyekuwa na mama na mtoto nyuma. Niliegesha mbele kidogo, nikakaa ndani ya gari mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kutoka hapo nikaliendesha mpaka nyumbani polepole kama mtu anayetembea, na gari halikutoka tena mpaka kazi ilipokamilika.

Njia za kufanya kazi hiyo vizuri ni mbili. Ya kwanza, unaifungua raki ya pawa, unatoa sili ya pistoni ili isisukume kitu, unaifunga ile vali kwa kuilehemu, unajaza grisi, unafunga. Wapo wanaoifanya vizuri sana. Mimi sikuwa tayari kuweka maisha ya watoto wangu kwenye kijiti kilicholehemiwa na mtu nisiyejua kipimo chake cha moto. Ya pili ni kutafuta raki ya Starlet za kawaida, zile ambazo hazikuwahi kuwa na pawa tangu kiwandani. Nikaipata kwenye rundo la spea za mtumba, imelala chini kabisa kwa sababu haina mteja. Tulizilaza raki zote mbili sakafuni kwenye boksi, ya zamani na hii, tukalinganisha masikio ya kufungia, urefu, na meno ya kiungo cha usukani. Nilipitisha kidole kwenye meno ya chuma chenyewe, jino baada ya jino, nikitafuta lililolika. Yalikuwa mazima, makavu, yana grisi nyeusi ya zamani iliyoganda kama ugali wa jana.

Kufunga kulichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza yote iliishia kwenye boliti moja ya kiungo cha nguzo. Jioni ya pili injini ikaanza kupumua vibaya, mizunguko inapanda na kushuka yenyewe, na nilidhani tumeharibu kitu kikubwa. Kumbe kwenye pampu ya Toyota kuna vali ndogo yenye mipira miwili myembamba ya hewa, inayopandisha kidogo mizunguko ya injini unapokata usukani gari likiwa limesimama. Pampu tumeitoa, mipira tumeiacha wazi, injini inavuta hewa ya wizi. Tukaiziba, ikatulia pale pale. Pini za nati za tairodi, vile vyuma vinavyounganisha raki na tairi, nilinunua mpya. Pini ni shilingi chache, na ndizo zinazozuia nati isifunguke barabarani.

Nilitoa pia ule usukani mdogo wa mashindano niliokuwa nao, nikarudisha wa kiwandani. Usukani mpana unakupa nguvu, ni habari ya wenzo, kama mpini mrefu wa spana. Tairi za mbele nilizishusha kutoka upana wa milimita 195 mpaka 175. Kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao tairi ya mbele hugeukia, sikuigusa, kwa sababu ukiipunguza stelingi inakuwa nyepesi lakini usukani hauna tena hamu ya kurudi wenyewe baada ya kona.

Anayefanya hivi akitafuta nguvu za injini atasikitika. Barabara ikiwa imenyooka pampu haibebi mzigo mkubwa, na kilo ulizopunguza ni chache. Pia unazungusha zaidi: ya pawa nilikuwa namaliza kama raundi tatu kutoka mwisho hadi mwisho, hii inakaribia nne.

Ila niseme ninachokipata. Alhamisi asubuhi, barabara ya uwanja wa ndege ikiwa bado imelowa mvua ya usiku, nilikuwa naingia kona nikasikia usukani unakuwa mwepesi viganjani. Tairi za mbele zilikuwa zinaanza kuachia lami. Nikapunguza mafuta kabla gari halijaanza kuteleza kwenda nje. Kwa pawa stelingi nisingejua mpaka nione kingo ya barabara inanijia. Na turbo ikishika, kwa kuwa ni gari la kuvutwa na tairi za mbele, usukani unavuta kama kamba ya ng'ombe, mara kushoto mara kulia, na inabidi uushike kweli. Nimekuwa na gari hili miaka mitano, na mambo haya nayasikia wiki hii.

Mke wangu hajafurahi. Ijumaa alilipeleka Mwaloni, akashindwa kuegesha kati ya pikapu mbili, vijana wakamsaidia kusukuma. Aliporudi aliweka funguo mezani akasema, "Baba watoto, hili gari umeninyang'anya." Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Nilifanya uamuzi wa gari letu wote kwa mikono yangu peke yangu.

Leo baada ya kanisa baba alikuja kula kwetu. Ana miaka 71. Ujanani aliendesha lori la pamba, Magu na Kwimba mpaka kiwanda cha kuchambulia, enzi ambazo lori kugeuka ni kusimama kwenye kiti. Aliniona nikihangaika kulitoa gari uani, akanigongea kioo.

"Mwanangu, usikate gari limesimama. Liache lijongee kwanza, hata inchi moja. Tairi ikizunguka, haikubishii."

Nikafanya hivyo. Kweli, inchi moja tu. Mke wangu alikuwa mlangoni akitazama, akaja, akaomba ajaribu, na baba akakaa naye mbele akimwelekeza taratibu, "Jongea, mama. Sasa kata. Jongea." Mara ya tatu aliligeuza uani bila kuomba msaada. Hakusema kitu, na funguo zikarudi mezani.

Kisha baba akataka kuendesha yeye. Tulishuka mpaka barabara kubwa, tukaenda hadi Igoma na kurudi. Alishika usukani kwa vidole, wala hakuukaba kama mimi. Tulipofika nyumbani hakushuka. Alizima injini, akakaa kidogo kama mtu anayesikiliza.

"Kushoto kuna kitu kinagonga. Kidogo sana. Ukitoka kwenye kona, usukani ukiwa unarudi."

Nilimwambia raki ni nzima, nimeikagua jino kwa jino. Akasema hajasema raki. Nikaleta jeki, nikainua upande wa kushoto, nikashika tairi pande mbili, saa tatu na saa tisa, nikatikisa. Kipo. Ulegevu mdogo kwenye endi ya tairodi, yaani kiungo cha mwisho, zile za zamani nilizozirudisha kwa kuwa nilizibadilisha mwaka jana.

Kesho kabla ya kazi nanunua zote mbili, kisha gari linakwenda alaimenti, tairi zinyooshwe.