Kumbukumbu ya mradi: kuichambua 254,254,254,254

Jumamosi
Namba ya mradi huu imetoka kwenye simu. 254 ni msimbo wa Kenya, nami nimeurudia mara nne, basi. Kabla ya kugusa kompyuta nimeanza na kalamu ndani ya matatu ya Umoja. Foleni ya Jogoo Road haina haraka na mtu.

Kule kujirudia ndiko kunakoifichua. Ikate vifungu vya tarakimu tatu, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 254 − 254 + 254 − 254. Ukipata 0, namba inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 kwa mpigo, kwa kuwa zikizidishwa pamoja hizo tatu ni 1,001. Kumbe namba nzima ni 254 × 1,001 × 1,000,001, na ukizivunja zote:

2 × 7 × 11 × 13 × 101 × 127 × 9,901

Namba tasa saba, hakuna iliyokuja mara mbili. Kila kigawo kinaundwa kwa kuchukua au kuacha kila moja, kwa hiyo viko 128. Niipendayo ni 9,901. Gawa 1 kwayo, na baada ya nukta utapata 000100999899 ikizunguka bila kikomo. Hakuna namba tasa nyingine ambayo mzunguko wake una tarakimu 12 kamili.

Jumapili
Programu fupi ya Python, inayojaribu vigawo kimoja kimoja hadi kipeuo cha pili cha namba. Kipeuo hicho ni 504,236 na ushee, lakini haikuhitaji kufika huko: ilipotoa 127 ilibaki 9,901 peke yake, ambayo kipeuo chake hakifiki 100, kwa hiyo hakukuwa na cha kujaribu tena.

“Mjomba, imeisha tayari?” Mpwa wangu wa Gredi ya 8 alitaka kuiona ikihangaika kidogo.

Jioni nikajumlisha vigawo vyote isipokuwa namba yenyewe: 267,004,770,130. Imezidi namba! Mchawi ni 2,002, yaani 2 × 7 × 11 × 13. Vigawo vya 2,002, ukiiacha yenyewe, vinafika 2,030, na kigawe chochote cha namba iliyozidi (yaani inayopitwa na jumla ya vigawo vyake vingine) nacho huzidi. Zile 101, 127 na 9,901 zimetia chumvi tu.

Jumatatu usiku
Nimerudia 254 mara tano. 7, 11 na 13 zimetoweka:

2 × 31 × 41 × 127 × 271 × 2,906,161

Namba imekua mara elfu, vigawo vimebaki 64, na jumla yake bila namba yenyewe ni kama asilimia 60 yake. Programu nayo ilibidi itafute hadi karibu 1,700, mpwa akafurahi.

Mara sita naruka. Zile tatu zitarudi, na 3 itaingia kwa sababu tarakimu zinajumlika kuwa 66, kwa hiyo itazidi bila kupimwa. Kesho ni mara saba.